Tobaa ya mbele ikikuletea shida: dalili, chanzo na la kufanya

Kazi yangu ni kushusha na kupandisha boti za fiba hapa Tanga, na pikapu yangu ina tobaa mbili, yaani vyuma vya kufungia trela, ya nyuma na ya mbele. Ya nyuma haina maswali. Ya mbele ndiyo inayowasimamisha watu pale Raskazone: wanaona trela limetangulia, gari linafuata nyuma likilisukuma hadi majini, na dereva anaona kila kitu kupitia kioo cha mbele bila kukunja shingo. Wengi wanauliza bei. Wachache wanauliza swali ninalolipenda zaidi: "Yangu nimefunga mwezi uliopita, mbona inanisumbua?" Haya nimeyaandika kwa ajili yao.

Tuelewane kwanza kuhusu vyuma vyenyewe. Chini ya bampa la mbele kuna fremu iliyofungwa kwa bolti kwenye ncha mbili za chesisi. Katikati ya fremu kuna bomba la mraba, kwa pikapu nyingi uwazi wake ni inchi 2. Ndani ya bomba unaingizwa mchi, yaani kipande cha chuma cha mraba kilichobeba kichwa cha duara cha trela (kikombe kilicho kwenye ncha ya shingo ya trela hukaa juu yake), au winchi, yaani mashine ya umeme ya kuvutia kwa waya, au kichanja cha mizigo. Pini moja inapita kwenye bomba na mchi na kuvishika pamoja. Mfano wake ni kinu na mchi wake, ila mchi huu umefungwa usitoke.

Tobaa ya mbele inafanya kazi mbili vizuri mno: kusukuma trela polepole mahali pabaya huku unaliona, na kushika winchi. Pua ya gari haikuundwa kubeba. Nyuma kuna springi nene na ekseli ya mizigo. Mbele kuna injini, ambayo tayari ni mzigo. Karibu kila dalili hapa chini nimeikuta kwa mtu aliyeipa tobaa ya mbele kazi ya tobaa ya nyuma, kwa hiyo kabla ya kulaumu chuma, angalia kwanza unachokifanyia.

Trela linakwenda upande nisioutaka

Hili ni la wiki ya kwanza kwa kila mtu. Umelifunga trela puani, boti iko mbele yako, unakwenda taratibu. Unakata kulia ili boti iende kulia, nayo inakwenda kushoto. Unakata kulia zaidi, inazidi kwenda kushoto, mpaka shingo ya trela inakaribia kung'oa bampa.

Hakuna kilichoharibika. Tobaa iko mbele ya magurudumu yanayokata kona, hivyo ukikata kulia shingo ya trela inasogea kulia papo hapo, na mkia wake, ule ulio mbali nawe, unatupwa kushoto. Ndivyo trela lifanyavyo hata ukilirudisha kinyumenyume kwa tobaa ya nyuma. Tofauti ni kwamba huku mbele jibu linakuja haraka, kwa sababu pua ya gari inayumba kuliko kiuno chake. Dereva aliyezoea rivasi anazungusha stelingi nusu duru; huku kiganja kimoja au viwili vinatosha.

Mimi nawafundisha vijana neno moja: fuata mkia. Mkia ukielekea kushoto, kata kushoto, shingo iende ikakae nyuma ya mkia tena. Ukiuona mapema unahitaji mkato mdogo sana. Ukichelewa, usishindane nalo. Weka rivasi, livute mita 3 au 4, trela litanyooka lenyewe, kisha anza upya. Anayeng'ang'ania kwenda mbele trela likiwa limeshajikunja ndiye anayeondoka na bampa lililopinda.

Trela fupi linageuka haraka kuliko refu. Ukiwa na kiboti kidogo kwenye trela lenye shingo fupi, kila kosa la stelingi linaonekana mara mbili. Fundi anaweza kuongeza urefu wa shingo, na kwa kazi ya baharini urefu huo utakufaa kwa jambo jingine nitakalolieleza mbele kidogo.

Kazi hii ni ya ufukweni, uani na gerejini. Barabarani trela linavutwa na tobaa ya nyuma. Ukifika pwani unalifungua, unageuza gari, unalifunga mbele. Ni dakika tano. Sijawahi kuona sababu ya kuziepuka.

Kikombe cha trela kinachomoka kichwani

Unasukuma, gurudumu la trela linapanda kijiwe, unasikia "tak", shingo iko chini mchangani na boti inakwenda zake. Mara nyingi chanzo ni ukubwa wa kichwa. Magari yetu yametoka Japani, trela nyingine zimekuja kutoka Uingereza au Afrika Kusini, nyingine zimechomelewa hapahapa Ngamiani, na kila moja imekuja na kipimo cha kwao. Kuna kichwa cha inchi 1 na 7/8, ambacho ni milimita 47.6. Kuna cha milimita 50. Kuna cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa jicho vyote vitatu ni ndugu wa tumbo moja. Hatari iko pale kichwa cha 47.6 kinapokaa kwenye kikombe cha 50: kinafunga, kinavuta vizuri, na kinaweza kwenda miezi bila tatizo kwa sababu ukivuta kikombe kinajibana. Siku unapoanza kusukuma, kila tuta linakiinua.

Soma namba iliyogongwa juu ya kichwa na ile iliyo kwenye kikombe. Zikiwa zimefutika kwa kutu, fanya hivi: funga trela, weka jeki chini ya shingo karibu na kikombe, inua. Pua ya gari inapaswa kuinuka pamoja na shingo. Kikombe kikitoka peke yake, umepata jibu, na umelipata mahali salama. Ukishabadilisha kichwa, zoea kuweka pini ndogo ya kufungia mdomo wa kikombe kila mara unaposukuma. Ni kipande kidogo cha waya mnene kilichokunjwa, na watu wanakipoteza ndani ya siku mbili. Kifunge kwa mnyororo mwembamba.

Pua inazama majini, au stelingi inakuwa nyepesi ghafla

Dalili hizi mbili ni pacha, na nataka tukae hapa kidogo.

Trela lililopakiwa sawasawa linaikandamiza tobaa kidogo. Kwa trela za boti, kadirio zuri ni kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Boti na trela zikiwa kilo 700, tobaa inapaswa kuhisi kilo 35 hadi 70. Pima kwa mizani ya gunia, ile ya kuning'iniza: itundike kwenye mti au mlingoti imara, funga kamba kwenye kikombe, inua shingo mpaka iwe sawa na kimo cha tobaa, soma. Huhitaji kifaa kingine. Trela liwe limewekewa magogo kwenye magurudumu na mtu asisimame mbele yake.

Sasa boti ikiwa imekaa nyuma mno juu ya trela, na injini ya boti inaning'inia kule mkiani, na tangi la mafuta limejaa kulekule, trela linageuka kuwa bembea. Shingo inataka kupaa. Kwa tobaa ya nyuma hilo lingeinua kiuno cha gari. Kwa tobaa ya mbele linainua pua, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona. Unazungusha stelingi, inazunguka kama ya gari lililo juu ya jeki, na gari linakwenda moja kwa moja. Ukilisikia hilo, simama. Sogeza boti mbele kwenye trela, au hamisha tangi na nanga kuelekea kichwani mwa boti, kisha pima tena.

Dalili ile nyingine, ya pua kuzama, inakuja baadaye, mkia wa boti ukishagusa maji. Wengi wanadhani boti ikianza kuelea mzigo unapungua kwenye gari. Kwa muda mfupi ni kinyume. Mkia unaelea kwanza, kichwa cha boti bado kimelalia trela karibu na shingo, na mzigo unahamia huko. Tobaa inakandamizwa kuliko ilivyokandamizwa nchi kavu, springi za mbele zinajikunja, na pua inashuka kiasi cha vidole vinne papo hapo. Mchanga wenyewe ukiwa laini, magurudumu ya mbele yanazama. Hapo usiguse mafuta. Mwambie mwenzako aachie mkanda wa kichwa cha boti na kuisukuma nje. Boti ikitoka, pua inainuka yenyewe.

Na hapa ndipo tobaa ya mbele ina bei yake ya haki. Ukirudi na tobaa ya nyuma, kinachokaribia maji ni ekseli ya nyuma na ekzosi. Ukienda na ya mbele, kinachokaribia maji ni injini: feni, altaneta, mdomo wa kuvuta hewa. Feni ikigusa maji inayarusha kila mahali, na maji ya chumvi juu ya waya ni deni utakalolipa miezi mitatu baadaye. Sheria yangu ni kwamba maji yasivuke kitovu cha gurudumu la mbele. Yakifika hapo na boti bado haielei, urefu wa shingo hautoshi, rudi, usiendelee.

Usisahau bamvu, yaani siku za maji makubwa ya bahari. Kwetu maji ya bamvu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku moja nilisimamisha gari pua ikiwa imeelekea baharini, saa 6 mchana, maji yamekupwa hadi mbali na yameanza kurudi. Nilikuwa nimeinama nafungua mikanda. Mzee mmoja nahodha akapita na ndoo yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akasimama kuyaangalia magurudumu. "Mwanangu, leo bamvu. Saa 8 hapo ulipo patakuwa na pweza." Nikamsikiliza, nikarudisha gari juu kwanza, nikamalizia kazi kwa kamba. Saa 8 alama zangu za tairi hazikuwepo. Maji mafu, ya siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, yanakupa nafasi ya kufikiri. Bamvu halikupi, hasa saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa, ambapo maji hukimbia.

Magurudumu ya nyuma yanazunguka bure wakati wa kuvuta boti nje

Gari linatazama bahari, unarudi nyuma kupanda mteremko. Uzito wa gari unalalia magurudumu yaliyo chini, yaani ya mbele, na tobaa nayo inakandamiza hukohuko. Pikapu tupu ya kuendeshwa na magurudumu ya nyuma peke yake inabaki na kiuno chepesi. Faida iliyopo ni kwamba magurudumu hayo yako juu pakavu, wakati kwa tobaa ya nyuma yangekuwa kwenye zege lenye utelezi wa kijani.

Weka magunia matatu au manne ya mchanga kwenye bodi, juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Kama gari lako lina gia ya magurudumu yote manne, itumie pamoja na gia ndogo tangu mwanzo, usingoje kuteleza. Mchangani punguza upepo wa tairi hadi PSI 18 au 20, na uujaze kabla ya kurudi barabarani.

Geji ya joto inapanda

Hii ni ya wanaobeba. Kichanja kimefungwa mbele, juu yake tairi la akiba, madumu mawili, labda na jenereta. Mjini hakuna tatizo. Ukitoka Muheza kwenda Segera kwa mwendo wa 80, mshale unaanza kupanda.

Angalia inapanda lini. Ikipanda ukiwa kwenye mwendo na kushuka ukipunguza, hewa haifiki kwenye rejeta, na mzigo wako ndio ukuta. Ikipanda ukisimama kwenye foleni na kushuka ukianza kutembea, tatizo ni feni, na kuondoa mzigo hakutakusaidia. Ikipanda kila wakati, tafuta maji yanakovujia, thamostati, au rejeta iliyoziba, uiache tobaa kwa amani.

Kama gari lina kiyoyozi, kitakuambia mapema kuliko mshale. Kondensa ya kiyoyozi imekaa mbele ya rejeta, kwa hiyo ndiyo inayonyimwa hewa kwanza. Ukiona ubaridi umekuwa vuguvugu dakika kumi baada ya kuingia barabara kuu, na kabla ya kufunga kichanja haikuwa hivyo, usingoje geji.

Hamisha mzigo nyuma. Ikibidi ubaki mbele kwa safari fupi, ushushe chini ya grili na acha uwazi wa angalau shubiri moja kati yake na bampa, usiwe umebandikwa. Kupanda Lushoto kutoka Mombo na mzigo mbele ya grili, mimi sipandi. Na rejeta ikiwa ya moto, mfuniko haufunguliwi, hata kwa kitambaa.

Stelingi nzito, taa zinaangalia ardhi, tairi za mbele zinalika

Tufanye hesabu moja. Kichanja na mzigo wake ni kilo 100. Kimekaa mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Kati ya ekseli mbili za pikapu kuna kama mita 3. Ekseli ya mbele haiongezewi kilo 100, inaongezewa 140, kwa sababu mzigo unaoning'inia nje unafanya kazi ya mti wa kunyanyulia: unakandamiza mbele na kuinua nyuma. Zile 40 za ziada zimetoka kwenye ekseli ya nyuma. Stelingi inakuwa nzito, pua inashuka, taa zinamulika mita chache mbele ya bampa, na ukikanyaga breki kwenye mvua nyuma kunateleza.

Tobaa nyingi za mbele za inchi 2 zimebandikwa alama ya pauni 500 za kukandamiza, kama kilo 227. Watu wanaisoma na kufurahi. Alama hiyo ni ya chuma cha tobaa, haizungumzii springi zako, bolijointi zako wala tairi zako. Pima kutoka ukingo wa chini wa fenda hadi kitovu cha gurudumu, kabla na baada ya kupakia. Ikishuka zaidi ya sentimita 3, kwangu huo ni mzigo mkubwa mno kwa mbele. Wengine wanakimbilia kufunga springi ngumu. Gari linainuka, lakini bolijointi zinaendelea kubeba kilo zilezile.

Mzigo pia unaziba taa, indiketa na namba ya gari. Kaa usiku mita 20 mbele ya gari, mwenzio awashe taa zote moja moja. Usichokiona wewe, dereva wa basi naye hatakiona.

Koko-koko kila ukipita shimo

Mchi ni mwembamba kidogo kuliko bomba, lazima uwe hivyo ili uingie, kwa hiyo mlio mdogo ni kawaida. Mlio unaoongezeka wiki hadi wiki si kawaida. Kama mchi hauna kazi leo, utoe kabisa. Usiendeshe na chuma kilichochomoza mbele ya bampa. Kitamkuta mtu kwenye goti.

Kama una kazi, tafuta mlio unatoka wapi. Mtu mmoja akamate mchi na kuutikisa juu na chini, wewe weka kiganja kwanza kwenye bomba, kisha kwenye bolti za kulia, kisha za kushoto. Panapogonga utapasikia kwenye ngozi kabla ya sikio.

Pakiwa kwenye bomba, chomoa pini uitazame. Kwa bomba la inchi 2 pini inayotakiwa ni ya inchi 5/8, karibu milimita 16. Nimekuta nondo ya 12, nimekuta bolti ya kitanda, nimekuta bisibisi. Pini nyembamba inacheza ndani ya tundu, na kila kishindo kinalichimba tundu hadi linakuwa na umbo la yai. Pini ya sawa kwenye tundu la yai bado itagonga. Tundu la mchi likiharibika, badilisha mchi, ni rahisi. La bomba likiharibika, fundi anahitaji kuongeza bamba la chuma pande zote mbili na kutoboa upya. Kujaza kwa fimbo ya kuchomelea na kutoboa hapohapo hakudumu. Vitu vikiwa vizima na mlio bado unakukera, kuna vibano vya bolti yenye umbo la U vinavyoukaza mchi ukutani mwa bomba. Vinafanya kazi.

Michirizi ya kutu chini ya bolti, au fremu imeinama upande

Hii usiiahirishe. Yangu niliifungiwa na fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, na kwa nje ilipendeza. Baada ya miezi minne, nikiwa chini ya gari natafuta kitu kingine, nikaona mchirizi mwembamba wa rangi ya chai ukishuka kutoka kwenye bolti ya kushoto. Chuma kilichotulia hakitoi mchirizi. Mchirizi ni unga wa kutu unaosagwa na vyuma viwili vinavyosuguana, kisha maji yanaushusha. Nikafuta kichwa cha bolti kwa kidole: kilikuwa laini, hakuna namba hata moja.

Bolti za kazi hii zina namba iliyogongwa kichwani, 8.8 au 10.9. Isiyo na namba ni ya dirisha. Zangu zilikuwa nne, mbili zilishaanza kunyooka kwenye uzi kama mnofu uliovutwa. Nilizibadilisha zote, kwa 10.9, na nati za kujifunga, na washa nene. Ukishakaza, chora mstari wa rangi unaovuka nati na kwenda hadi kwenye fremu. Kila Ijumaa unainama, unaangalia. Mstari ukikatika, nati imezunguka.

Kama fremu imechomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, kagua kandokando ya mshono kwa tochi na kipande cha sandpepa. Ufa huanza pembeni mwa mshono, si katikati yake, kwa sababu joto limekidhoofisha chuma cha jirani. Afadhali tobaa ya bolti. Na kabla fundi yeyote hajawasha mashine ya kuchomelea kwenye gari lako, toa nyaya za betri. Kompyuta za gari haziupendi umeme huo. Magari yenye mifuko ya hewa yana vihisio vya ajali karibu na fremu ya rejeta: visigongwe, visihamishwe, visifunikwe.

Ncha za mbele za chesisi kwenye magari mengi zimeundwa zijikunje wakati wa ajali ili zipunguze kishindo kwa walio ndani. Tobaa iliyotengenezwa kwa kukisia inaweza kuzifanya zisijikunje. Ndiyo maana mimi napendelea iliyotengenezwa kwa aina hiyohiyo ya gari, inayotumia matundu yaliyopo tayari.

Winchi inalia lakini haivuti

Ukisikia "tik-tik" bila ngoma kuzunguka, anza na betri na vichwa vya nyaya. Winchi inakula umeme mwingi mno, na injini iwe inaunguruma unapoitumia. Shika nyaya baada ya kuvuta kidogo. Kiungo kilicho cha moto ndicho kibovu.

Ikizunguka lakini inachoka, fungua waya zaidi. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya mzunguko wa kwanza kabisa kwenye ngoma. Kila tabaka la waya linaloongezeka linaipunguza. Na winchi iliyo kwenye mchi inataka kuvuta moja kwa moja mbele. Ukivuta pembeni unaupinda mchi ndani ya bomba, na ukipinda hautatoka.

Sasa naomba unisikie kwa makini. Kichwa cha duara cha trela hakitumiki kunasulia gari lililokwama. Kamwe. Kimefungwa kwa shina moja na nati moja, kimetengenezwa kwa mvuto wa taratibu. Ukifunga kamba na gari jingine likavuta kwa kishindo, shina linaweza kukatika, na kipande cha chuma kizito kinaruka na kamba kama jiwe la kombeo, kikipita kwenye kioo. Watu wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali. Chomoa mchi wenye kichwa, ingiza mchi wa pingu, au fungia kwenye ndoano za kunasulia za gari lenyewe. Weka turubai zito au zulia la gari juu ya waya, na watoto wote wa ufukweni warudi mbali kuliko urefu wa kamba. Wakikataa kurudi, kazi inasimama mpaka warudi.

Pini haitoki

Kwetu hili ni suala la muda tu, hasa kipindi cha kusi ambapo hewa ina chumvi hadi ndani ya nyumba. Kosa ni kuanza na nyundo. Mara nyingi pini haijashikwa na kutu peke yake, imebanwa na mzigo: trela linasukuma au linavuta, na mchi unaikandamiza pini kama mkasi. Fungua trela kwanza. Au kama haifunguki, mwenzako alisogeze gari kidole kimoja mbele, kidole kimoja nyuma, wewe ukiizungusha pini kwa koleo, mikono ikiwa mbali na kikombe. Kuna nukta moja ambapo inalegea, utaihisi.

Isipolegea, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, au dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, jioni, na tena asubuhi. Gonga ubavu wa bomba kwa nyundo ndogo, mara nyingi na taratibu, ili mafuta yapenye. Ukigonga ncha ya pini kwa hasira unaitanua kama msumari, na hapo haipiti tena kwenye tundu lake.

Ikishatoka, isugue kwa brashi ya waya, paka grisi pini na mchi, pita na kitambaa chenye grisi ndani ya bomba hadi mwisho. Kila ukitoka majini osha tobaa kwa maji baridi ya bomba, ndani na nje, hata kama umechoka na giza limeingia. Mchi wangu haulali kwenye gari. Unalala nyuma ya siti, umefungwa kwenye gunia la mkonge, na mdomo wa bomba nimeuziba kwa kipande cha mpira nilichokikata kwenye kandambili ya zamani.